Mhunzi Hafui Nguo: Jinsi Kisu Kinavyofuliwa kwa Mkono



Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili zoezi fupi la ufahamu. Ndani ya kifungu mlikuwa na sentensi hii: "Mhunzi alishinda kutwa akifua visu." Tuliwataka waieleze kwa maneno yao wenyewe. Wengi wao waliandika kwamba mtu huyo alishinda siku nzima akiosha visu kwa maji na sabuni. Mmoja aliongeza kuwa bila shaka mhunzi alikuwa ameajiriwa katika mkahawa mkubwa.

Tulicheka katika chumba cha walimu, lakini kicheko hakikudumu. Mwenzetu mmoja aliuliza, "Na sisi je? Nani hapa anaweza kueleza, hatua kwa hatua, kisu kinafuliwaje?" Hakuna aliyejibu. Tulijua kuna mhunzi, kuna moto na kuna nyundo. Baada ya hapo tuliishiwa na maneno, ilhali sisi ndio tunaolipwa kufundisha maneno. Tukaamua kumtafuta mhunzi. Makala hii inakusudia kueleza yale tuliyojifunza kwake, pamoja na yale tuliyoyasoma baadaye ili kuelewa vizuri zaidi tuliyoyaona.

Neno "kufua"

Tuanze na neno lenyewe. Wanafunzi wetu hawakukosea kabisa, kwani kufua nguo ni Kiswahili sanifu. Lakini kitenzi hiki kina maana pana kuliko beseni na sabuni. Tunafua nguo, tunafua chuma, na watu wa pwani wanafua nazi, yaani wanaondoa makumbi yake kwa kuipigiza kwenye kifuo. Msemo "hafui dafu", ambao kila mwanafunzi anaupenda, umetokana na kazi hiyo hiyo ya nazi. Kinachounganisha kazi hizi tatu ni kupiga au kugongesha kitu kwa nguvu. Mtu anayefua nguo mtoni juu ya jiwe na mhunzi anayefua chuma juu ya fuawe wako karibu sana kuliko tunavyodhani.

Neno hili lina ndugu katika lugha za majirani zetu pia. Wanyarwanda na Warundi husema gucura kwa maana ya kufua chuma, na mhunzi wao ni umucuzi. Wakikuyu humwita mhunzi mũturi. Wataalamu wa isimu linganishi huyahusisha maneno haya na mzizi mmoja wa Kibantu cha kale. Waganda wao wana mzizi mwingine: mhunzi ni omuweesi na kufua ni okuweesa. Lakini chuma kwao ni ekyuma, na nyundo ni ennyondo. Kwa Wanyarwanda ni icyuma na inyundo. Mwanafunzi wa Uganda au Rwanda anayesema Kiswahili ni lugha ngeni kwake atazame karakana ya mhunzi kwanza. Atawakuta jamaa zake mle ndani.

Uhunzi katika nchi zetu

Eneo la Maziwa Makuu ni miongoni mwa maeneo ya kale ya kazi ya chuma barani Afrika. Katika Buhaya, mkoani Kagera, Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa kusini wa Uganda, wanaakiolojia wamechimbua mabaki ya tanuri za chuma zenye umri wa karne nyingi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha makala katika jarida la Science. Walieleza kuwa mafundi wa zamani wa huko waliingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ya tanuri, na hivyo hewa iliyopulizwa ilipata joto kabla ya kufika kwenye makaa. Ili kupata ushahidi wao, watafiti waliwaomba wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo wajenge tanuri upya. Wazee wale walikuwa wameiacha kwa miaka mingi, baada ya vyuma vya madukani kuingia.

Pwani nako habari ni za kale. Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, alitaja chuma kuwa bidhaa iliyowaletea watu wa Malindi faida kubwa. Masimulizi ya Rwanda yanamtaja Gihanga, mfalme wa kale, kuwa ndiye aliyeleta uhunzi. Na katika Buganda kuna ngano ya Walukaga, mhunzi wa mfalme, aliyeamriwa afue mtu hai kwa chuma, mtu wa kutembea na kusema. Walukaga alitaabika mpaka mwendawazimu mmoja alipompa shauri: amwombe mfalme makaa yaliyochomwa kutokana na nywele za watu, na mitungi ya machozi. Mfalme aliposhindwa kuvipata aliifuta amri yake. Ngano hii inatuonyesha kwamba watu wa zamani walielewa jambo moja la msingi: mhunzi hawezi kufanya lolote bila makaa yanayofaa na kitu cha majimaji cha kupozea kazi yake.

Inafaa tutofautishe kazi mbili ambazo vitabu vyetu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kupata chuma kutoka katika mawe. Katika tanuri za jadi chuma chenyewe hakikuyeyuka, kwa sababu chuma safi huhitaji nyuzi joto 1,538 za Selsiasi ili kiyeyuke. Kilichoyeyuka na kuchuruzika ni takataka zake, ndizo mavi ya chuma, na fundi alibaki na bonge lenye matundu kama sifongo. Kazi ya pili ni kulifua bonge hilo mpaka liwe jembe, mkuki au kisu. Kazi ya kwanza imekwisha karibu kila mahali katika eneo letu. Hii ya pili bado ipo, ila mhunzi wa leo hutumia vyuma chakavu.

Karakana na vifaa vyake

Mhunzi tuliyemtembelea anafanya kazi chini ya kibanda cha mabati kando ya soko la mji mdogo, magharibi mwa Uganda. Ni mzee wa makamo ya kuitwa babu, naye alijifunza Kiswahili akiwa kijana katika karakana nchini Kenya. Tulipomwamkia "Shikamoo, mzee," aliacha nyundo, akaitikia "Marahaba, wanangu," kisha akatutazama viatu. "Kesho njooni na viatu vya ngozi," alisema. "Hivi vya kitambaa vitawaungua." Hilo ndilo lilikuwa somo letu la kwanza.

Vifaa vyake vinahesabika kwa vidole:

1. Jiko la moto. Ni shimo dogo ardhini, lenye upana wa beseni, lililozungushiwa udongo. Huchoma makaa ya miti migumu.

2. Mvukuto. Zamani ilikuwa mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, yaani viriba, au vyungu viwili vilivyofunikwa ngozi, na kijana aliivukuta kwa zamu, kulia na kushoto, ili hewa isikatike. Hewa ilipita kwenye kewa, yaani mdomo wa udongo unaoingia motoni. Mzee wetu ametengeneza feni ya bati inayozungushwa kwa rimu ya baiskeli na mkanda wa mpira. Mdomo wa udongo ameubakiza, kwa sababu bomba la chuma lililo katikati ya moto huungua baada ya muda.

3. Fuawe. Hii ndiyo sehemu inayopokea nyundo. Wahenga walitumia jiwe gumu. Yeye anatumia kipande cha reli kilichosimamishwa juu ya gogo lililozikwa ardhini, kwa kimo cha kukutana na ngumi zake anaposimama wima.

4. Nyundo mbili, moja ya kilo moja hivi na nyingine ndogo ya kusawazishia.

5. Koleo la kushikia chuma cha moto, alilolifua mwenyewe.

6. Patasi ya kukatia, tupa, kinoo, sumaku ndogo iliyotolewa katika spika ya redio iliyokufa, na debe la mafuta.

Hakuna umeme. Hakuna kipimo cha joto. Macho ndiyo kipimo, na ndiyo maana kibanda kina giza. Rangi ya chuma haionekani vizuri juani, na mhunzi anayefanya kazi mwangani hukiunguza chuma chake bila kujua.

Kuchagua chuma

Si kila chuma kinaweza kuwa kisu. Siri iko kwenye kaboni iliyochanganyika na chuma. Nondo za kawaida za ujenzi zina kaboni kidogo. Ukizifua utapata umbo la kisu, lakini makali yatalala baada ya viazi vitatu. Springi bapa za gari zina kaboni ya kiasi cha asilimia 0.6, nazo hushika makali na hupinda bila kuvunjika. Tupa za zamani zina kaboni karibu asilimia 1 au zaidi. Zinatoa makali makubwa, lakini zikikosewa huvunjika kama kioo. Chuma cha aina hii, kinachokubali kufanywa kigumu, ndicho Kiswahili kinakiita pua, na washairi wa pwani walikijua pia kwa jina la feleji.

Mzee hupima kwa njia rahisi. Hukigusisha chuma kwenye jiwe la kunolea linalozunguka na kutazama cheche. Cheche ndefu chache zisizo na matawi ni dalili ya kaboni kidogo. Cheche zinazopasuka na kuchanua kama maua ni dalili ya kaboni nyingi. Kama hana jiwe hilo, hukata kipande kidogo, hukitia moto mpaka kiwe chekundu, hukitumbukiza majini, kisha hukipitishia tupa. Tupa ikiteleza bila kung'ata, hiyo ni pua. Iking'ata kwa urahisi, kipande hicho hutupwa kwenye rundo la bawaba na komeo.

Hatua za kufua

Hatua ya kwanza ni kukata. Springi hutiwa motoni mpaka iwe ya rangi ya chungwa, kisha hukatwa kwa patasi na kupatikana kipande chenye urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 3 hivi.

Hatua ya pili ni kusoma rangi, na hatua hii haina mwisho. Inaendelea mpaka kazi iishe. Chuma cha rangi ya damu ya mzee kina joto la nyuzi 650 hadi 700 hivi, nacho bado ni kigumu mno kufuliwa. Chekundu cha kung'aa kimefika kama nyuzi 800. Cha rangi ya chungwa kimepita 900, na cha manjano kimekaribia 1,100. Hapo ndipo nyundo hufanya kazi kubwa kwa nguvu ndogo. Kikiwa cheupe na kuanza kurusha cheche kikiwa bado motoni, kimeungua na hakifai tena. Kwa upande mwingine, mhunzi anayeendelea kupiga chuma kilichopoa na kupoteza wekundu hutia nyufa ndogo zisizoonekana. Mzee alituambia, "Chuma kikinyamaza, kirudishe motoni. Usigombane nacho."

Hatua ya tatu ni kutoa ncha na msuka. Msuka ni ule mkia unaoingia ndani ya mpini. Hupigwa pembe zote nne kwa zamu mpaka urefuke na kupungua unene. Ncha hutolewa kwa kupiga pembe moja, wala si kwa kukata.

Hatua ya nne ni kutoa makali, na hapa tuliona jambo lililotushangaza. Kabla ya kupiga upande wa makali, mzee alikipinda kisu kizima kama mundu, makali yakiwa kwa ndani. Tulidhani amekiharibu. Kisha akaanza kupiga upande wa ndani, akishuka nao kidogo kidogo. Kila pigo lililopunguza unene wa makali liliyaongezea urefu, na kila yalipoongezeka urefu yaliusukuma ubapa kunyooka. Alipomaliza, kisu kilikuwa kimenyooka chenyewe. Angeanza na kipande kilichonyooka, kisu kingepinda kuelekea mgongoni. Mmoja wetu, anayefundisha sarufi, alisema hajawahi kuona mtu akirekebisha kosa kabla ya kulifanya.

Makali hayafuliwi mpaka yawe membamba kabisa. Huachwa na unene wa milimita 1.5 hadi 2, kwa sababu makali membamba hupinda au hupasuka wakati wa kupozwa.

Hatua ya tano ni kukipumzisha chuma. Mapigo yote yale yameacha mkazo ndani. Kisu hutiwa moto mpaka kiwe chekundu sawasawa, kisha huachwa kipoe chenyewe hewani bila kuguswa. Mzee hurudia mara tatu. Halafu hukitia moto tena na kukifukia katika majivu usiku kucha ili kipoe polepole na kulainika, na asubuhi hukisawazisha kwa tupa.

Kisu chetu kilichopasuka

Sasa tufike kwenye hatua ya sita, ambayo ndiyo roho ya kazi yote, nayo ndiyo tuliyoivuruga.

Mzee alikuwa ameturuhusu tufue kisu chetu chini ya uangalizi wake. Kilituchukua siku mbili. Kilikuwa kizito na mgongo wake ulikuwa na mabonde, lakini kilikuwa kisu. Siku ya tatu mzee alichelewa kufika kwa sababu ya msiba wa jirani, nasi tulikuwa na haraka ya kurudi kwenye mikutano ya Idara. Tulikuwa tumemwona akikitumbukiza kisu chake katika debe la mafuta. Sisi tulifikiri maji yatafaa, tena ni baridi zaidi. Tulivukuta moto, tukakipasha kisu mpaka kikawa cha manjano, ili tuwe na uhakika, tukakitia kwenye ndoo.

Tulisikia mlio mdogo, kama mtu aliyegonga kikombe kwa ukucha. Tulipokitoa, ufa mwembamba ulikuwa umepanda kutoka kwenye makali hadi katikati ya ubapa. Mzee alipofika, alikishika, akakigonga kidogo kwenye reli, nacho kikakatika vipande viwili. Hakutukaripia. Alituonyesha mahali kilipokatikia. Palikuwa na chembechembe kubwa zinazometa kama sukari. "Moto ulizidi," alisema, "na maji yakamalizia."

Maelezo ya kitaalamu ni haya. Pua ikipata joto la kutosha, kaboni iliyomo huenea sawasawa ndani yake. Ikipozwa ghafla katika hali hiyo, kaboni hunaswa kabla haijapata nafasi ya kutoka, na chuma huwa kigumu sana. Lakini joto likizidi, chembe za chuma hukua na kuwa kubwa, na chuma chenye chembe kubwa ni dhaifu. Maji nayo hupoza kwa kasi kuliko springi ya gari inavyoweza kuvumilia. Sehemu nyembamba hupoa na kukakamaa wakati sehemu nene bado ina moto, na mvutano huo hukipasua.

Kwa hiyo kipimo ni sumaku. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi sumaku huacha kukivuta. Mhunzi hukigusisha kisu mara kwa mara. Sumaku ikikataa, hukiacha motoni kidogo tu mpaka wekundu wake uzidi kidogo, kisha hukitumbukiza, ncha ikitangulia, katika mafuta ya uvuguvugu. Mafuta hupoza taratibu zaidi. Mzee hutumia oili chafu ya magari, lakini sisi tunapendekeza mafuta ya kupikia, kwa kuwa moshi wa oili chafu una sumu.

Hatua ya saba wengi huisahau. Kisu kilichotoka katika mafuta ni kigumu mno. Kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika. Sharti kirudishiwe moto mdogo ili kipunguze ukali wa ugumu wake. Kwanza husuguliwa upande mmoja mpaka ung'ae. Kisha mgongo wake hulazwa juu ya pande la chuma lililopashwa moto, na mhunzi hutazama. Rangi hutembea juu ya chuma kilichong'aa kama kivuli: kwanza ya nyasi kavu, yapata nyuzi 210 hadi 220; halafu kahawia, yapata 255; zambarau, yapata 280; na samawati, yapata 300. Kwa kisu cha jikoni, rangi ya nyasi kavu ikifika kwenye makali, kisu huondolewa mara moja. Mgongo utakuwa umefika zambarau au samawati, nayo ni heri, kwa sababu mgongo hauhitaji kukata bali kuvumilia. Hivyo kisu kimoja kinakuwa na tabia mbili: makali magumu na mgongo mvumilivu.

Kisu chetu cha pili tulikifua kwa siku tatu zaidi. Mikutano ya Idara iliendelea bila sisi.

Mpini na kunoa

Kwa mpini, mzee hutumia mti wa mpera au mbuni, yaani mti wa kahawa, si ndege. Kipande kilichokauka vizuri hutobolewa tundu dogo kuliko msuka. Msuka hupashwa moto mpaka uwe mwekundu, huku ubapa ukiwa umefungwa kitambaa kilicholowa maji ili ugumu wake usipotee, kisha husukumwa ndani ya mti. Unaunguza njia yake wenyewe na kukaa sawasawa. Pete ya chuma iitwayo noleo huvishwa mdomoni mwa mpini ili mti usipasuke. Mwisho ni kinoo na maji, na subira.

Tahadhari

Kwa yeyote atakayetaka kujaribu, tunasisitiza mambo manne. Vaa miwani na viatu vya ngozi. Usitie motoni chuma kilichopakwa zinki, kama vile mabati na baadhi ya mabomba, kwa sababu mvuke wake huleta homa na maumivu ya kifua. Usikae chumba kilichofungwa na makaa yanayowaka. Na unapotumbukiza kisu katika mafuta, kitumbukize chote bila kusita, uwe na mfuniko wa bati karibu, wala usimwage maji juu ya mafuta yakishika moto.

Kwa nini haya yawahusu walimu wa Kiswahili?

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watakaoingia katika madarasa hayo ni hawa hawa wanafunzi wetu. Wakifika huko wakiwa na msamiati wa salamu, sokoni na hospitalini pekee, watafundisha Kiswahili kisichoweza kutengeneza kitu. Mtoto wa fundi atajua kwamba kazi ya baba yake haina maneno katika lugha ya shuleni, na atafanya uamuzi wake.

Mzee wetu alikuwa na kijana mmoja wa kumsaidia. Mwaka jana kijana huyo alinunua pikipiki na sasa anaendesha bodaboda. Hatumlaumu, kisu kilichofuliwa siku nzima huuzwa kando ya visu vya kiwandani vya bei ya chini, na mnunuzi haoni tofauti mpaka miezi sita ipite. Lakini siku mzee atakapoweka nyundo chini, tutabaki na fuawe, kewa, msuka na noleo katika kamusi, bila mtu wa kutuonyesha ni kitu gani. Tulipokuwa tukiagana alituuliza tutayafanyia nini yale tuliyoyaandika. Tukamwambia tutawafundisha wanafunzi. Akasema, "Basi waleteni hapa. Daftari halina moto."

Tumekubaliana katika Idara kwamba kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi wa mwaka wa pili atamtembelea fundi mmoja, awe mhunzi, mfinyanzi, mshonaji viatu au mwunda mitumbwi, na kurudi na maneno yasiyopungua ishirini, katika Kiswahili na katika lugha ya nyumbani kwake. Walimu nao hawajasamehewa.

Kisu chetu kiko jikoni mwa Idara. Kimekatwa mpini mara mbili na mgongo wake bado una mabonde, lakini kinamenya matoke vizuri, na hakijanolewa tangu mwezi uliopita. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, wahenga walisema. Anayetaka kukiona na akitazame, ila akirudishe mahali pake.

Msamiati wa karakana

Ala: mfuko wa kuhifadhia kisu.
Fuawe: kitu kigumu ambacho chuma hufuliwa juu yake.
Kengee: ubapa wa kisu, mbali na mpini.
Kewa: mdomo wa mvukuto unaoingia motoni.
Kinoo: jiwe la kunolea.
Koleo: kifaa cha kushikia chuma cha moto.
Kotama: kisu kilichopinda cha mgema.
Mavi ya chuma: takataka zinazotoka chuma kinapotengwa na mawe.
Msuka: mkia wa kisu au jembe unaoingia katika mpini.
Mvukuto: kifaa cha kupulizia moto, kitenzi chake ni kuvukuta.
Noleo: pete ya chuma mdomoni mwa mpini.
Pua: chuma chenye kaboni, kinachoweza kufanywa kigumu.
Tupa: kifaa chenye meno madogo cha kusugulia chuma.